Dawa Ipitie Wapi?

Fundi wetu alikuwa mwanamke wa kubandika vigae, na kazi yake ilisifiwa. Kila kigae alikigonga kwa mpini wa mwiko. Kikitoa sauti nzito, kimeshika. Kikitoa sauti tupu, chini pana uwazi, na siku moja kitapasuka.

Tangu mwaka juzi sikio lake la kulia lilikuwa likitoka usaha. Lilikauka, likarudi, likakauka, likarudi. Sasa akigonga hapati tofauti. Vigae vinne vilimpita, vikapasuka. Msimamizi wa ujenzi akamtoa kwenye ukumbi aliokuwa akiubandika vigae, akampeleka kukoroga saruji, akaanza kubandika yeye mwenyewe.

Fundi alirudi nyumbani amenuna.

"Kanywe vidonge tena, mama watoto," mumewe alisema.

"Nimekunywa aina tatu! Nikimaliza tu, usaha huo."

"Basi tafuta aina ya nne."

"Nawe nawe! Mimi nataka kujua kwa nini hizo tatu zimeshindwa."

Huyo akiwa na swali, halali usingizi. Asubuhi alitia maboksi matupu ya dawa mfukoni, akaenda kwa daktari wa masikio.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alimulika sikio. "Ngoma ya sikio ina tundu. Usaha unatokea hapo."

Fundi alipanga maboksi mezani, mstari mnyoofu. "Kati ya hizi, ipi ina nguvu zaidi?"

"Dada, usiulize nguvu tu. Uliza pia dawa inapitia wapi. Kidonge kinashuka tumboni, kinaingia kwenye damu, kinasambaa mwili mzima. Kwenye sikio huenda kikafika kidogo. Tone linaangukia palepale penye vijidudu. Watafiti wamelinganisha njia hizi mbili. Kwa sikio kama lako, matone yanayofaa mara nyingi hukausha usaha vizuri kuliko vidonge."

"Lakini shemeji aliwahi kunipa matone yake. Hayakufanya kitu."

"Ulikausha sikio kwanza?"

"Kukausha? Nilidondosha tu, nikaziba kwa pamba siku nzima."

"Juu ya usaha?"

Fundi akajishika kichwa. "Ole wangu! Mimi ninayewagombeza vibarua wasiofagia sakafu, nimemwaga gundi juu ya matope!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwonyesha. "Sokota kitambaa safi, laini, kiwe kama utambi wa taa. Kiweke sikioni, usikisukume ndani. Kikilowa, toa, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Ndipo udondoshe dawa, ulale ubavu dakika chache. Maji yasiingie ukioga. Na usitumie matone ya mtu mwingine. Mengine, yakipita kwenye tundu, yanaweza kukuharibia usikivu moja kwa moja."

Fundi aliogopa kweli. Bila sikio, kazi yake ingebaki kukoroga saruji. "Kwa hiyo vidonge havina kazi?"

"Vina kazi yake, ugonjwa ukisambaa nje ya sikio. Kwa hiyo ukipata homa, uvimbe nyuma ya sikio, kizunguzungu au maumivu makali ya kichwa, usingoje. Njoo siku hiyohiyo."

Alitumia matone aliyoandikiwa na daktari kwa wiki mbili, bila kuruka siku. Mumewe alisokota tambi za kitambaa huku akilalamika kwamba amegeuzwa fundi taa. Usaha ulipungua, ukakoma. Daktari alipima tena. Tundu lilikuwa bado lipo, na angeendelea kuliangalia, lakini sikio lilikuwa kavu na fundi alisikia vizuri zaidi. Alifurahi, akamshukuru mara tatu.

Kazini msimamizi alikunja mikono. "Haya, gonga tuone."

Fundi alipiga magoti ukumbini. Aligonga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasita, akarudia, akainamisha kichwa.

"Hivi vitatu ni vitupu," alisema.

"Amebandika nani?" msimamizi alifoka.

"Wewe, bosi."

Vibarua waligeukia ukutani ili wacheke vizuri. Msimamizi aliinama, akagonga, akasikiliza. Kisha akamwachia fundi mwiko, akaenda mwenyewe kukoroga saruji.