Jina Kwenye Jedwali la Jumatatu

Wendell Kubiak alimwagiwa siki kwenye shati jeupe, Ijumaa moja, katika foleni ya samaki wa kukaanga hapa Milwaukee. Aliyemmwagia alikuwa mwanamke wa koti la njano na buti za theluji.

"Pole bwana. Sasa unanuka achari."

"Afadhali. Jana nilinuka kompyuta."

Mwanamke yule akacheka mpaka watu wakageuka. Jina lake Noreen Haas, na kumbe walikuwa kampuni moja: yeye mapokezi, Wendell mtunza data ghorofa ya nne. Baada ya miezi mitatu Wendell hakuweza kuanza kazi kabla hajapigiwa simu na kuulizwa, "Umeamkaje, mzee wa siki?"

Jumatatu moja wakubwa wakataka orodha ya walioomba kuhamia tawi jipya la Denver. Wendell akaiuliza kompyuta, na majibu akayageuza jedwali jipya ili ayapange vizuri. Mstari wa kumi na saba: Noreen Haas.

Hakumuuliza. Mwanaume mzima wa miaka arobaini na sita, akanuna. Simu ikiita, anaiangalia tu. Alhamisi ndiyo akapokea.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Nina kazi."

"Kesho twende tukale samaki. Nina neno nataka kukwambia."

"Nimesema nina kazi, Noreen."

Ijumaa asubuhi akawapelekea wakubwa jedwali vilevile lilivyo. Kila mtunza data anajua kwamba jedwali la namna hiyo ni nakala. Data ya asili ikibadilika, lenyewe halina habari. Kuuliza upya ni kazi ya dakika moja. Wendell hakutaka kuliona lile jina tena.

Jumatatu iliyofuata Noreen akapanda ghorofa ya nne, barua mkononi, macho mekundu.

"Wamenihamisha. Nafasi yangu hapa wamempa mtu."

"Si uliomba mwenyewe?"

"Niliomba mwaka jana, hata sikujui! Jumanne iliyopita nikajiondoa. Ndilo neno nililotaka kukwambia: nabaki, kwa ajili yako."

Wendell akauliza kompyuta upya. Jina la Noreen halikuwemo. Akafungua jedwali lake. Limo.

"Mimi nilinakili Jumatatu iliyopita," akasema kwa sauti ndogo.

"Na jina langu uliliona?"

"Nililiona."

"Ukaninunia wiki nzima. Mdomo huna?"

"Nakwenda kwa wakubwa sasa hivi, niwaambie kosa ni langu."

"Nimetoka huko. Aliyepewa nafasi yangu ameshasaini. Denver, au nikakae nyumbani."

"Basi tuhame wote, mpenzi. Naacha kazi leo."

Noreen akamnyooshea kola kama mkewe.

"Ungesema hivyo wiki iliyopita ningelia kwa furaha. Lakini siwezi kuishi na mtu anayeiuliza mashine habari zangu, na mimi nipo chini, ghorofa chache tu."

Lifti ilipofunguka Noreen akaingia, hakugeuka. Wendell alibaki amesimama, na maswali yote aliyopaswa kumuuliza yakamjia sasa, moja baada ya jingine.