Maji ya Chumvi ya Daku

Nyumba ya Kulusum pale mjini Koboko haikukosa watu. Kulusum alikuwa fundi wa kusuka tabaga, yale mafuniko ya rangi ambayo Wanubi hufunikia chakula. Wanawake walikuja na kazi zao, wakaketi mkekani, wakasuka na kusengenya. Nani ameachwa, nani amerudi kutoka Juba na gari lakini hana pesa ya mafuta. Hata katika mfungo, midomo ilikauka, habari hazikukauka.

Ramadhani hiyo Kulusum alikuwa na haraka. Binti yake, Kadijah, angeolewa baada ya Idi. Kulusum alikuwa ameapa kwamba kila sinia ya harusi itafunikwa kwa kazi ya mkono wake. Ilibaki tabaga moja tu, ile kubwa ya sinia ya bwana harusi.

Kulusum pia alikuwa na presha. Alimeza vidonge kila siku, akilalamika kwamba vinampeleka chooni mno.

Basi jirani yake, Zulaika, akarudi kutoka soko la Arua, anakouza mitumba. Huyo Zulaika, habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshafika mpaka vijiji vya Midia.

“Mama Kadijah, acha sindano, sikia,” alisema, simu mkononi. “Arua yote iko inakunywa maji ya chumvi. Mutu anatia vijiko viwili kwa glasi ya maji ya moto, anakunywa wakati ya daku. Inasafisha tumbo, inashusha presha, na mchana kiu hakuna.”

“Nani amesema?”

“Iko kwa simu! Sauti ya daktari kabisa.”

“Daktari wa wapi?”

“Wewe nawe! Nimuulize mpaka kijiji yake?”

Wanawake wakacheka. Kulusum naye akacheka. Lakini joto la mwezi ule lilikuwa limemchosha. Kesho yake, wakati wa daku, alikoroga chumvi, akafumba macho, akanywa. Vidonge akaviweka juu ya kabati.

“Mama, unakunywa nini mpaka uso umekunjika hivyo?” Kadijah aliuliza.

“Dawa. Ingekuwa tamu, ungeamini ni dawa?”

Tumbo lilimwendesha. Wenzake wakamwambia ni uchafu unatoka. Kiu ikazidi. Wakamwambia avumilie. Kichwa kikaanza kumgonga kisogoni. Hilo hakumwambia mtu.

Wiki haikuisha. Alasiri moja, watu wamejaa mkekani, sindano ilimponyoka. Kulusum akataka kuiokota. Mkono wa kulia haukutii.

“Anayeolewa ni binti, mbona wewe ndiye unatetemeka?” Zulaika alimtania.

Kulusum alijaribu kujibu. Mdomo ulikwenda upande mmoja, na maneno yakatoka mazito, hayaeleweki. Kicheko kikakatika.

“Ni mfungo umemzidi,” alisema Zulaika. “Leteni maji, tieni chumvi!”

Wakamnywesha. Maji yakamtoka pembeni mwa mdomo, akakohoa, macho yakamtoka. Kadijah akaisukuma glasi ikamwagika mkekani.

“Basi! Hawezi kumeza, hamuoni? Itisheni boda!”

Kwenye kituo cha afya, nesi Margarita, mwenyeji wa Ajia, alimpima presha. Akampima tena. Kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

“Inaonekana ni kiharusi, damu haifiki vizuri kichwani,” alimwambia Kadijah. “Anakwenda hospitali ya Arua sasa hivi. Alikuwa akimeza vidonge?”

Kadijah alieleza habari ya chumvi. Margarita akashika kichwa.

Idi ilipita Kulusum akiwa kitandani Arua. Harusi ikaahirishwa. Aliporudi Koboko alikuwa anatembea kwa fimbo, maneno yanatoka polepole. Mkono wa kulia ulilala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

Siku Margarita alipokuja kumtazama, nyumba ilikuwa imejaa tena. Zulaika aliketi nyuma kabisa, mlangoni.

“Sista,” mwishowe akauliza, “ni chumvi ilimwangusha?”

“Siwezi kusema ni chumvi peke yake. Alikuwa na presha tayari. Lakini chumvi inapandisha presha. Na yeye aliacha dawa. Hayo mawili pamoja ni hatari kubwa.”

“Lakini inasafisha tumbo, si kweli?” Zulaika aliuliza tena.

“Inakuharisha tu. Tumbo na figo zinajisafisha zenyewe. Ukiharisha unapoteza maji, na chumvi nyingi inaongeza kiu. Hiyo faida iko wapi?”

“Mbona mtoto akiharisha munampa maji ya chumvi?”

“Umeuliza vizuri. Ile ni dawa ya paketi. Iko na sukari, na chumvi yake ni kidogo, imepimwa. Ni ya mtu anayepoteza maji, si ya kila asubuhi. Koo likiuma, unaweza kusukutua na maji ya chumvi, halafu uteme. Usimeze.”

“Na mtu wa presha akitaka kufunga?”

“Aje kwetu kabla ya mwezi kuandama. Wengi tunawapangia vidonge vyao, daku na futari. Wengine tunawaambia wasifunge. Na mkiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, maneno hayatoki, msimpe kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.”

Zulaika aliinama. “Mimi nilimletea,” alisema. “Na mimi nilimnywesha.”

Kulusum aliinua mkono wa kushoto, akamwonyesha nafasi mkekani karibu yake.

Tangu hapo, sauti ya daktari wa simuni ikicheza popote sokoni, Zulaika huiacha meza yake ya mitumba na kwenda kubishana. Anasimulia mkasa wote, na jina lake halifichi. Wengi wameacha ile glasi. Kulusum naye anameza vidonge vyake kwa maji matupu, na presha imeshuka. Mkono haujarudi.

Harusi ilifanyika baadaye. Tabaga kubwa ilimaliziwa na Kadijah, mama yake akitaja rangi moja moja. Siku ile ilifunika sinia ya bwana harusi, na wageni wakaisifu. Lakini ukiitazama kwa karibu, utaona katikati ya mstari mwekundu mishono inabadilika, inakuwa mikubwa, imelegea kidogo. Hapo ndipo sindano ilipoanguka.