Mchumba Wangu Muuza Printa na Majibu ya Damu

"Msichana huyu ana damu mbovu!"

Aliyesema hivyo alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa, Hawabai. Alisema katikati ya sebule yetu ya mtaa wa Kuze, mbele ya shangazi zangu, mbele ya majirani, mbele ya fundi aliyekuwa amenishika kiuno akinipima gauni la harusi!

Mkononi alikuwa na karatasi. Aliipepea hewani kama mtu afukuzaye nzi.

Niliitambua papo hapo... Karatasi ya maabara. Ya hospitali yangu. Na jina langu lilikuwa pale chini, wazi kabisa.

Naitwa Sanober Kasam. Mimi ni mkuu wa maabara katika hospitali moja ya binafsi hapa kisiwani Mombasa. Msiniulize ipi. Na wewe unayekimbilia kuandika komenti, tulia kwanza, soma mpaka mwisho.

"Mama, hiyo si damu yangu," nikamwambia kwa adabu zote.

"Si yako? Na jina hili la nani? Waniona mimi mjinga?"

"Jina langu lipo kwa sababu mimi ndiye niliyepima na kutia sahihi. Mwenye damu ameandikwa kwa namba. Tazama hapo juu."

"Namba, namba! Sikuja hapa kusoma hesabu!"

"Mama, karatasi hiyo umeipata wapi?"

"Mungu amenionesha!"

Astaghfirullah. Mwenyezi Mungu anasingiziwa mengi, sasa na karatasi!

Niwaeleze. Karatasi ile ilisema mwenye damu amebeba thalasemia, kasoro ya damu ya kurithi. Kubeba si kuugua. Mtu aliyebeba anakula, anatembea, anazeeka na kiburi chake. Hatari ni pale wawili waliobeba wanapooana, maana watoto wao waweza kuzaliwa wagonjwa. Ndiyo maana watu wetu wengi siku hizi hupima kabla ya nikaha.

Mimi nilishapima. Sina. Shahid, mchumba wangu, kila nikimkumbusha alisema kesho.

Nikaingia chumbani, nikaleta majibu yangu ya kweli. Hawabai hata hakuyashika.

"Umejiandikia mwenyewe! Kwani maabara si yako?"

Shangazi zangu wakatazama sakafu. Fundi akakunja tepe yake polepole.

"Posa imekufa," Hawabai akasema. Akatoka, viatu vyake vikilia ngazi nzima.

Kufikia adhuhuri picha ya karatasi ile ilikuwa imezunguka kila simu ya Mji wa Kale. Mama yangu alijifungia chumbani. Mimi nilibaki sebuleni na pini za gauni bado zimenishika ubavuni...

Shahid akapiga simu.

"Sanober mpenzi, nimesikia. Nimeumia sana, wallahi."

"Basi mwambie mama yako ukweli."

"Nitafanya nini? Mama ni Mama."

Mwanamume mzima! Ndevu zimechongwa kama za bwana harusi wa kwenye kalenda, mgongo umelegea kama mkate uliolowa chai.

Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natema mate.

"Lakini kikao cha Jumanne kipo palepale, sivyo? Mambo ya nyumbani yasije yakaharibu kazi."

Kazi! Ngoja niwaambie kazi yenyewe.

Shahid ni mfanyakazi wa kampuni inayosimamia printa za watu. Unawakabidhi printa zako zote, wao wanaleta mashine, wino, mafundi, kila kitu. Wewe unabaki kuchapa tu. Hospitali yetu ilikuwa inapima jambo hilo: tuwakabidhi watu wa nje, au tubaki kama tulivyo?

Na tulivyokuwa ilikuwa aibu, sitaficha. Printa zetu alizisimamia Maxwell. Ukimwita, atakuja kesho. Akija, ataipiga printa kofi ubavuni, kisha atasema, "Hii ina kiburi." Wodi ya wazazi waliwahi kuandika vibandiko vya watoto kwa kalamu. Daktari mmoja alisubiri karatasi ya dawa mpaka mgonjwa akaamua kwenda zake nyumbani.

Kwa hiyo kampuni ya Shahid ilipoweka mashine yake ya majaribio kwenye ukumbi wa maabara, mimi mwenyewe nilifurahi. Ilikuwa nzuri. Unatuma majibu, lakini karatasi haitoki mpaka ugusishe kadi yako. Hakuna tena majibu ya watu kulala kwenye trei yakisomwa na kila mpita njia.

Nilimweleza mkurugenzi wetu, Bi Jacinta, tangu mwanzo kwamba Shahid ni mchumba wangu. Jacinta ni mama wa bara, haongei sana.

Akasema, "Basi wewe utatoa maelezo, kura hupigi."

Jumatatu nikamwendea Maxwell moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaamua. Karatasi lazima iliokotwa kwenye printa yake ya mapokezi, ambako kila mtu hupita, nani mwingine?

"Maxwell! Nani aliokota majibu ya maabara kule mapokezi?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Mapokezi? Dada Sanober, printa ya mapokezi imekufa tangu wiki iliyopita. Hata haiwaki."

"Na hukuitengeneza?"

"Nilikuwa nangoja kikao. Mkitufuta, nitengeneze ya nini?"

Mvivu wa kupindukia... Lakini uvivu wake ukanifungua macho. Majibu yale niliyatuma Ijumaa kwenye mashine ya Shahid. Kisha nikaitwa mbio kwa damu ya dharura, mama mmoja alikuwa anavuja damu baada ya kujifungua. Sikurudi kugusisha kadi. Karatasi ile haikuwahi kuchapwa hospitalini kwetu!

Sasa Hawabai aliipata wapi?

Nikakaa kitini.

Jumanne tukaingia kikaoni. Jacinta mezani, mimi pembeni, na Odera wa stoo ambaye alitaka kujua habari za wino tu. Shahid akaingia amenukia mpaka madirisha yakafunguliwa. Akanitazama kwa huzuni ya kuazima.

Akaanza porojo zake.

"Bi Mkurugenzi, hospitali yenu inavuja siri. Juzi tu, mtu ninayemheshimu sana, majibu yake ya damu yaliokotwa kwenye trei ya printa yenu ya mapokezi. Maisha yake yameharibika."

Akateremsha macho. Akavuta pumzi.

Jamani! Aliutia msiba wangu ndani ya tangazo lake la biashara!

Damu ilinipanda. Lakini nikauma ulimi. Nikauliza kwa upole kabisa.

"Shahid, na mashine yako, mtu akisahau kugusisha kadi, majibu yanapotea?"

"Hata!" Akatabasamu, akadhani namsaidia. "Yanakaa kwetu salama. Sisi ofisini tunaona kila kitu kinachotumwa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu! Hata nakala. Mkihitaji, tunaitoa karatasi kutoka kwetu kule kule. Huduma hiyo hamtaipata kwingine."

Odera akaacha kuandika.

"Nani pale ofisini anaona?" nikauliza.

"Kwa hospitali hii ni mimi peke yangu. Ndiyo maana nasema ni salama."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Huyu aliuponza mwili mzima.

"Bi Jacinta," nikasema, "printa ya mapokezi ilikuwa imekufa wiki nzima. Majibu anayoyasema niliyatuma kwenye mashine yake, na kadi yangu sikuigusisha. Karatasi hiyo ingeweza kutoka mahali pamoja tu. Amepataja mwenyewe sasa hivi."

Jacinta akavua miwani.

"Kijana, uliitoa?"

"Mimi... ni majaribio... nilikuwa naangalia kama mashine inafanya kazi..."

"Na mama yako naye alikuwa anaangalia mashine?" nikamuuliza.

Perfyumu yote ile, na jasho bado likamtoka.

Jacinta akamwita askari wa getini.

"Toka na mashine yako. Barua kwa tajiri wako itatangulia kabla hujafika ofisini kwenu Buxton."

Mlangoni akanigeukia, sauti ya chini.

"Sanober, sikukusudia uaibike. Nilitaka tu Mama apate sababu. Mimi nisionekane mbaya."

Mnamsikia? Alitaka kuniacha, akaogopa kusema! Kwa hiyo akapekua kila karatasi yenye jina langu mpaka akapata neno la kumtisha mama yake. Mwizi wa kuku ana heshima zaidi, maana yeye hula kuku wake kimya.

"Sababu ya nini, Shahid?"

Akaifuata mashine yake nje. Lakini mjini hakuna siri. Kabla ya Ijumaa nikajua: alikuwa ameshamposa Areeba, binti wa mwenye kampuni yake. Hasira za tajiri wake kwa ile barua yetu alizipoza kwa uongo. Alimwambia hospitali yetu ina fitina. Mzee akamwamini, akabakisha sharti moja alilokuwa ameliweka mapema. Bwana harusi apime damu.

Na kupima, Shahid alikuwa ameshapima. Hospitalini kwetu hapahapa! Wiki ya majaribio, alimwendea daktari wetu kimyakimya, akatolewa damu, akaendelea kuuza maneno. Hakutaka mimi nijue, kwa hiyo hakutaja jina langu popote. Maabara yetu hupokea namba tu.

Alirudi kuchukua majibu akiwa na mama yake. Hawabai alikuja amevaa dhahabu mpaka kwenye vifundo, tayari kupeleka habari njema kwa wakwe wapya.

Mimi nilikuwa ndani nikiandaa slaidi za damu. Nilichosikia ni ukelele.

"Haiwezekani! Hii ni ya yule msichana! Namba hii ni ya yule msichana!"

Nikachungulia. Hawabai alikuwa katikati ya ukumbi wa wagonjwa, mkono mmoja ameshika simu yenye picha aliyoisambaza yeye mwenyewe, mkono wa pili kadi ya hospitali ya mwanawe.

Namba ilikuwa moja. Shahid alitafuta jina langu tu, namba hakuitazama, akaiba majibu yake mwenyewe.

"Mwanangu ana thalasemia! Shahid wangu! Nimemtangaza mwanangu mwenyewe mji mzima!"

Mimi sikusema neno. Siri ya mgonjwa ni amana, hata mgonjwa akiwa mshenzi. Lakini Hawabai alimaliza kazi yote peke yake, kwa sauti, mbele ya watu wanaosubiri kupimwa mkojo.

Shahid alikuwa amesimama ukutani, rangi imemtoka. Kwa mara ya kwanza nilimuona bila maringo. Nilitaka kumhurumia... Nikajaribu... Haikuja.

Maana angeniuliza, ningemwambia taratibu kama ninavyowaambia wengine: si aibu, si ugonjwa. Mimi sina, wewe umebeba, watoto wetu wasingepata maradhi hayo. Tungeoana vizuri tu. Alikuwa na mkuu wa maabara mzima mkononi, akaenda kusoma karatasi kwa kuiba!

Areeba, nasikia, alirudisha posa mwenyewe kabla baba yake hajasema neno. Msichana ana akili.

Na printa? Msidhani tulirudi kwa makofi ya Maxwell. Tulikabidhi watu wa nje, kampuni nyingine. Wao mashine, wino na matengenezo; kuona karatasi, hapana. Nakala hazikai kwao, na anayezifungua ni mtu wetu. Safari hii Jacinta alisema nipige kura, na niliipiga kwa mikono miwili. Wodi ya wazazi sasa vibandiko vinatoka safi. Maxwell bado yupo, kwa bahati mbaya.

Majuzi Hawabai alikuja kwetu na sinia la halua. Akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu Sanober, daktari amenifahamisha. Wewe huna, yeye amebeba. Mkioana wajukuu zangu wazima. Turudishe ile posa."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Daktari amekwambia kweli. Damu ya Shahid haina neno. Ila huyo mwenye kuibeba ndiye simtaki."

Mama yangu akamfungulia mlango. Halua tukairudisha pia.

Ndugu zangu, ukitaka kumkabidhi mtu wa nje kazi ya nyumbani mwako, mkabidhi, si dhambi. Lakini usiulize tu mashine yake ina uzuri gani. Uliza yeye mwenyewe akiwa peke yake ataona nini, na siku akipata la kukuumiza, nani atamzuia.

Na wewe dada uliye na mchumba ambaye hawezi kusema "sikutaki" mpaka amtume mama yake... vua pete leo, kabla hajakutafutia ugonjwa.