Siri Ambayo Selina Hakuitunza

Jumamosi ni siku ya kufua. Katika shule moja ya bweni huko Pasiansi, wasichana walikuwa bombani wakigombea maji. Paskazia hakufua. Alikuwa anagawa vitu vyake.

"Rose, chukua ndoo. Wewe, chukua shuka."

Wenzake walishangilia. "Paskazia kaokoka!" walisema. Lakini ndoo bwenini si kitu cha mchezo. Nani anagawa ndoo wakati muhula haujaisha?

Selina hakushangilia. Kitanda chake kilipakana na cha Paskazia. Alijua kwamba rafiki yake alimzika baba huko Nansio wakati wa likizo. Aliporudi shuleni, kila mtu alimwambia, "Jikaze." Naye akajikaza. Akaacha kucheka, akaacha hata kumaliza chakula.

Selina alikuwa mmoja wa wanafunzi waliofundishwa na Mwalimu Nusrat kuwasaidia wenzao wenye msongo wa mawazo. Waliambiwa kwamba mtu anayegawa vitu vyake ghafla anaweza kuwa hatarini. Akamvuta Paskazia nyuma ya bweni.

"Paska, mbona unagawa vitu?"

"Uape kwanza. Hutamwambia mtu."

"Haki ya Mungu, simwambii mtu."

Hapo Selina alikosea. Mwalimu aliwakataza kuapa kabla ya kusikia. Lakini nani anataka kuitwa mnoko, yule anayepeleka maneno kwa walimu?

"Sivihitaji tena," Paskazia akasema.

Selina akauliza waziwazi, kama alivyofundishwa. "Unafikiria kujiua?"

Paskazia aliinamisha kichwa. "Ndiyo. Nimechoka, Selina."

Selina aliogopa sana. Hata hivyo hakumkemea. Alimsikiliza mpaka akamaliza kulia. Kisha akasema, "Twende wote kwa mwalimu."

"Umeapa!"

"Nimeapa, ndiyo. Lakini hili siliwezi peke yangu."

"Ukienda, wewe si rafiki yangu tena."

Selina akamwita Rose. "Kaa naye. Usimwache hata kidogo." Akakimbia huku analia.

"Shikamoo, mwalimu. Paskazia anataka kujiua. Niliapa nisiseme."

"Marahaba. Yuko na nani?" Mwalimu Nusrat alikuwa ameshasimama.

"Na Rose."

"Vizuri. Siri ya mvulana ambaye rafiki yako anampenda, itunze. Siri ya kifo usiitunze, hata kama umeapa. Na ulipomuuliza hukumtia wazo hilo. Ulimpa nafasi ya kusema. Sasa tuachie sisi watu wazima."

Mwalimu alimpeleka Paskazia hospitali, kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kesho yake mama yake Paskazia alivuka ziwa kwa meli kutoka Nansio.

"Mimi ndiye wa kwanza kumwambia ajikaze," mama alisema. Akamkumbatia binti yake. Wakamlilia baba pamoja, kwa mara ya kwanza.

Paskazia alirudi shuleni, akaendelea kumwona mtaalamu. Kidogo kidogo alianza kula na kucheka. Lakini hakumsalimia Selina. Alimpita kama hamjui. Jambo hilo lilimuuma Selina sana.

Muhula uliofuata, Mwalimu Nusrat alifundisha kundi jipya la kuwasaidia wenzao, na Selina alikuwapo. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, je, rafiki yangu akinichukia?"

Paskazia, aliyejiunga na kundi hilo, alikuwa amekaa nyuma. Akasimama.

"Mimi nilimchukia Selina," alisema. "Nilimchukia muhula mzima. Lakini nilimchukia nikiwa hai."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la Selina.