Nani Atalipasua Goti la Winga

Kuchagua daktari ni kipaji changu, ukoo mzima huja kuniuliza mimi. Daktari wa mwisho niliyejichagulia, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa wa mifugo. Dawa yake ilinikubali sana, ndiyo maana sikumwambia mtu.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliposema, "Bibi, nimeshachagua, Jumatatu napasuliwa na Profesa," nilivuta kiti kwanza.

Alikuwa amejilaza kwenye kochi langu, mguu wa kulia juu ya mito miwili, goti limeumuka kama mkate. Kwenye timu wanamwita Winga. Hakuna beki aliyewahi kumkamata, mpaka siku alipogeuka peke yake, hakuguswa na mtu, goti likalia ndani kama kijiti kinachovunjwa. Picha ya hospitali ilionyesha mshipa wa katikati, ule unaolishika goti, umekatika wote. Timu ilikubali kumsubiri miezi tisa, basi. Goti likitengenezwa vibaya, mpira umeisha, na yeye ana miaka ishirini na miwili tu.

"Huyo Profesa umempata wapi?"

"Ndiye aliyempasua mchumba wangu, Bibi. Mshipa huu huu."

Mchumba mwenyewe ni kocha msaidizi, kijana mrefu, mpole, wa suruali ndefu ya mazoezi jua liwake mvua inyeshe. Mjukuu wangu hajawahi kuyaona magoti yake, au ndivyo alivyoniapia. Walipendana siku Winga alipokaa benchi analia na kifundo cha mguu. Kocha alimsogelea akamsimulia kwamba na yeye alikuwa mchezaji hodari, akakatishwa na goti. Mtoto wa watu akalia upya, safari hii kwa ajili ya Kocha. Haukupita muda, pete ikawa kidoleni.

Nilimsindikiza Winga kwa Profesa, sisi wawili tu. Ofisi imejaa jezi za wachezaji ndani ya fremu, na kiti chake kinazunguka. Alitazama picha, goti lenyewe hakuligusa. Nikamuuliza mwaka huu ametengeneza magoti mangapi ya mshipa huu. Akacheka, akasema naongea kama mwandishi wa habari. Kisha akasema siku hizi yeye hasa ni mabega, lakini kiungo ni kiungo. Mimi nimeolewa mara mbili, na hakuna wa kuniambia mume ni mume.

Kesho yake nilimtafuta pale hospitalini dada anayewafanyisha mazoezi watu waliokwisha kupasuliwa. Yeye ndiye anayepokea kazi za madaktari wote, anajua magoti ya nani yanakunjika. Hakufikiri mara mbili. Akasema nenda ghorofa ya pili, kwa yule wanayemwita Mama Magoti.

Sijui nani alimfikishia Kocha habari. Jioni simu yangu ikaita kwa ujumbe:

"Bibi shikamoo. Naomba usimpeleke kwa daktari mwingine, utamchanganya. Mimi nimeyapitia haya."

Nikamjibu marahaba, hayo mengine nikayaacha. Akampigia Winga. Waliongea saa nzima, mimi naosha kikombe kimoja muda wote huo ili nisikie. Mwisho alimwambia achague: ama anamwamini mumewe mtarajiwa, ama anaamini watu wa korido. Winga alipokata simu macho yalikuwa mekundu.

"Nikienda kwa mwingine, Bibi, ni kama namwita mwongo."

"Basi mwambie aje. Si keshapasuliwa? Atajua la kuuliza."

Ijumaa tukaingia wote watatu. Mama Magoti ni mwanamke mfupi wa raba nyeupe, sauti ndogo, mikono ya mfinyanzi. Alianza na goti zima, akasema hilo ndilo litakalomwambia mwenzake alikuwaje. Akalivuta, akalisukuma, akahamia kwenye bovu, taratibu, huku anamtazama Winga usoni. Nilipomtupia swali langu hakucheka. Alisema mwaka huu ni magoti sitini na mawili ya namna hii, na matatu kati ya hayo hayakukaa vizuri, na akaeleza kwa nini. Nikampenda kwa hayo matatu.

Winga akajikaza.

"Daktari, usinielewe vibaya. Mchumba wangu huyu alipasuliwa na Profesa, na unamwona anatembea."

Mama Magoti akamgeukia Kocha, amefurahi kabisa kama mpishi aliyekutana na mpishi.

"Vizuri, utatusaidia. Mshipa wa kuweka Profesa aliutoa wapi? Nyuma ya paja, au hapa chini ya kifuniko cha goti?"

Kocha akakohoa.

"Hakutoa popote. Alishona ule ule."

"Ulikuwa umekatika wote?"

"Wote."

Mama Magoti akaweka kalamu chini. Akamweleza Winga, si Kocha, kwamba mshipa huo ukikatika wote kwa mchezaji huwa kama kamba iliyofumuka, hauna pa kushika uzi. Kwa hiyo huchukuliwa mwingine mwilini, na pale ulipotolewa hubaki alama. Kisha akamwambia Kocha kwa adabu akunje suruali, pengine Profesa ana ufundi mpya na yeye angependa kujifunza.

Kocha akainama, akaishika suruali kwenye kifundo. Akakaa hivyo. Feni ilizunguka juu yetu.

Akainuka bila kukunja.

"Sikupasuliwa," alisema. "Liliumia, likapona lenyewe. Ulipolia kwa hofu ya kisu nilitaka kukutia moyo, mpenzi. Profesa nilimsikia tu kwenye redio."

"Moyo ninao," Winga alimjibu. "Ninachokosa ni goti."

Akatoa simu pale pale kitandani, akapiga kwa Profesa, akafuta Jumatatu. Akamwomba Mama Magoti tarehe. Akapewa Alhamisi. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa, maana namfahamu. Akilia, yamekwisha. Asipolia, bado anahesabu.

Kocha akamsogelea, akamwomba msamaha. Akasema ni uongo mmoja tu, wa mapenzi, hakuna mwingine.

Winga akaiweka simu chini.

"Siku ile benchi, uliniambia uliacha mpira kwa sababu gani?"

"Goti," akajibu haraka, kama mtu anayetaja jina lake.

"Goti lipi?"

Kocha akayatazama magoti yake yote mawili, moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua.