Gari la Kumi na Nane

"Achia."

"Achia wewe."

Ndivyo walivyoanza Renita Quarles na Cordell Pruitt, saa nne asubuhi, kwenye gulio la magari ya zamani nje kidogo ya Detroit, watu wamejaa mpaka lami huioni. Mkono wa Renita umeshika kabureta upande mmoja, mkono wa Cordell upande wa pili, na hakuna aliyekuwa na nia ya kulegeza.

"Dada, mimi nanunua. Wewe umeshika tu."

"Sitaki kununua. Nataka kusoma namba iliyo chini yake. Nusu dakika."

"Tangu lini kabureta inasomwa? Hili ni gazeti?"

Muuza vipuri, mdomo umejaa mkate na soseji, aliwaomba wakagombane mbele ya meza ya jirani. Hawakumsikia. Renita alikuwa ndani ya dangarizi ya njano, hereni za duara kubwa kama bangili, kucha nyekundu zina grisi. Cordell alivaa shati la ufundi lililopigwa pasi, na manukato yake yalikuwa yanashindana na harufu ya mafuta machafu.

"Namba ya nini?" aliuliza Cordell.

Hilo halikuwa swali la kumuuliza Renita kama una haraka. Mchana alifanya kazi maktaba. Muda wake uliobaki wote aliumaliza kwenye daftari la magari aina ya Kessler Vandal ya mwaka 1970. Kiwanda kilifungwa zamani, nyaraka zikatupwa, na hakuna aliyejua ni Vandal ngapi zilitoka mlangoni na injini kubwa, ile waliyoiita Nyundo. Wauzaji walikuwa wakitaja hesabu yoyote iliyowajia mdomoni. Renita alikuwa akiyatafuta magari yenyewe, moja moja, kwa barua na kwa miguu.

"Miaka mitano," alisema. "Nimepata kumi na saba."

"La kumi na nane liko kwetu."

Renita akacheka mpaka akaiachia kabureta. "Kila mwanamume wa mji huu ana la kumi na nane kwao."

"La kwetu baba alilifunga injini kwa mikono yake, zamu ya pili. Lilipotoka akalinunua yeye."

"Na mimi ni mtoto wa gavana."

Akampa namba ya simu hivyo hivyo.

Usiku huo huo simu ikalia.

"Unafanya nini, mrembo?"

"Nahesabu."

"Nihesabu na mimi."

"Wewe uko mmoja tu."

"Sema nadra, mpenzi. Mimi ni nadra."

"Nadra kuoga."

Agosti wakakaa kando ya barabara ya Woodward kwenye viti vya kukunja, magari ya zamani yakipita kwa maelfu, Cordell akimfuta mchuzi wa nyama kidevuni. Septemba Renita alimpelekea sanduku la barua za wenye magari, amtengenezee rafu ya kuziweka. Ila kulitazama gari la Mzee Pruitt alikataa. Kazi na mapenzi, alisema, kila kimoja na chumba chake.

Novemba akakubali.

Mzee Hosea Pruitt, miaka sabini na tisa, alikuwa amewaambia watu habari ya injini hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Rafiki zake wa chama cha wafanyakazi walizoea kumtania. Siku hiyo alisimama gerejini na kofia yake ya Jumapili huku Renita aking'oa kiti cha nyuma cha lile gari la kijani. Chini ya springi kulikuwa na karatasi ya kiwandani, ile iliyokuwa ikiwaambia wafanyakazi gari lifungwe nini. Panya wameila pembe yenye namba ya gari. Mstari wa injini ulisomeka vizuri kabisa: injini ndogo, wakati namba aliyokwisha kuisoma kwenye injini yenyewe ilikuwa ya Nyundo.

"Inasemaje, binti?"

"Nitaisoma vizuri nyumbani, Mzee." Akaipiga picha.

Nyumbani aliandika mistari mitatu kwenye jarida dogo alilowachapishia wapenzi wa Vandal kutokana na daftari lake. *Gari la Pruitt, Detroit. Karatasi ya kiwandani inaonyesha injini ndogo. Namba iliyo kwenye injini imegongwa baadaye. Halihesabiwi.* Hakumpigia Cordell. Alijiambia kazi ni kazi. Ukweli, aliogopa Cordell angemwomba anyamaze, na yeye angenyamaza.

Ijumaa simu ikalia.

"Imegongwa baadaye. Na nani?"

"Cordell..."

"Nauliza, na nani? Gari hili limekuwa na mwenyewe mmoja tu maisha yake yote. Kwa hiyo taja jina. Sema Hosea Pruitt ni tapeli."

"Sijaandika tapeli."

"Umeandika kwa adabu! Hiyo ndiyo inayoniuma. Nimeisoma kwa kinyozi, Renita, nusu ya kichwa imenyolewa, watu wanapeana jarida lako wanacheka!"

"Nikipindisha kwa sababu nampenda mwanawe, daftari zima ni takataka."

"Nani kakwambia upindishe? Ungenipigia tu. Ungesema, Cordell, kaa chini, nina habari mbaya."

"Ungenibembeleza."

Cordell akashusha sauti: "Miezi minne, na hivyo ndivyo unavyonijua."

"Na wewe ulidhani nitampa baba yako hesabu kama zawadi ya Krismasi?"

Simu ikakatwa.

Kesho yake Renita alirudi kutoka kazini akalikuta sanduku la barua barazani kwake, wazi, na mvua imelinyeshea tangu asubuhi. Miaka mitano ya watu kuandika kwa mkono, wino unatiririka. Akapiga simu.

"Barua zangu, mshenzi wewe!"

"Zitakauka. Baba hajatoka nje tangu jana."

Wiki nzima alianika barua juu ya vipasha joto, na kila barua ilimwongezea hasira. Mwishoni akaamua kummaliza. Angeikuza ile picha ya karatasi, apige mstari mwekundu chini ya kila neno, aitume kwao ili Cordell akose la kusema. Akachukua kalamu. Akaanza juu kabisa, mahali ambapo hakuwa amepatazama.

Rangi: buluu.

Kalamu ikasimama. Gia: otomatiki.

Gari la Mzee Pruitt lilikuwa la kijani hadi chini ya zulia, na gia yake ilikuwa ya mkono.

Akakaa sakafuni. Alilijua jambo hili. Aliwahi kuliandikia kurasa mbili nzima, akiwaonya wengine: kiwandani watu walikuwa wakiisokomeza karatasi kwenye kiti chochote kilichopita mbele yao, usiiamini mpaka uisome yote. Lakini miaka mitano ya kutafuta injini ilimfundisha kuona mstari mmoja tu. Alisema neno ambalo mama yake angelisikia angemzaba kofi.

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda kwa Pruitt. Magari yalikuwa yamepangwa mpaka kona. Kwa kuwa Mzee alikataa kutoka, chama chote kilimfuata nyumbani, kama msibani. Mlango ulifunguliwa na Shangazi Earlene, mwiko wa kukaangia samaki mkononi.

"Ooh," alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Daftari limekuja lenyewe."

Domino zikasimama hewani. Renita, na koti lake la zambarau, alipita katikati yao mpaka kwenye kiti cha Mzee.

"Mzee Pruitt, nilikosea. Karatasi ile si ya gari lako. Nimeshachapisha, ukurasa wa kwanza, jina langu chini yake." Akampa jarida.

Mzee alisoma bila haraka. "Kwa hiyo nimehesabiwa?"

Jibu lilikuwa rahisi, na watu thelathini walikuwa wanalisubiri.

"Bado," alisema Renita.

Nyumba ikalipuka. Cordell alisimama, mshipa umemtoka shingoni. "Renita, toka nje."

"Sina tena ushahidi wa kumkataa. Wa kumkubali pia sina. Nifungulie boneti."

"Ulishaangalia!"

"Niliangalia namba. Karatasi ikanidanganya, sikuangalia chuma kilichogongwa namba." Akamgeukia Mzee. "Mashine ya kiwandani ikilainisha pale inaacha mikwaruzo myembamba, iliyonyooka. Anayeghushi lazima asage namba ya zamani, na mikwaruzo inaondoka nayo."

Mzee akanyanyuka. "Mfungulie."

Gereji ikajaa mpaka mlangoni. Renita aliinama na koti lake zuri, akasugua grisi kwa kitambaa. Cordell alishika tochi, na mwanga ulikuwa unatikisika kwa hasira.

"Shika vizuri."

"Nashika!"

Akasugua tena. Ikatokea, mistari myembamba kama uzi, imenyooka, ikipita chini ya kila tarakimu bila kukatika. Akaikagua mara mbili.

"Haijaguswa," alisema. "Mzee Pruitt, ni la kumi na nane."

Watu wakapiga mayowe. Mzee hakupiga.

"Lilikuwa hivyo tangu nilipolitoa kiwandani," alisema. "Wewe ndiye umefika leo." Akavaa kofia, akatoka nje kwenda kumwambia jirani, na nyumba nzima ikamfuata.

Wakabaki wawili.

"Umesema 'bado' mbele ya shangazi yangu," alisema Cordell.

"Na ningesema tena."

"Najua! Na kama ungesema ndiyo pale sebuleni, hakuna ambaye angeiamini hiyo mikwaruzo. Ndiyo maana nimekasirika, sina hata pa kukushikia."

"Mimi ninapo pa kukushikia. Barua zangu umezilowesha. Sijakusamehe."

"Usinisamehe. Nitazinakili zote, wewe usome, mimi nipige chapa."

"Unapiga kwa kidole kimoja. Itachukua mwaka."

"Mwaka hautoshi. Nataka kukuoa."

Renita alimtazama. "Unaniposa umekunja uso hivyo?"

"Ndio uso nilio nao leo. Masikio yanawaka kwa hasira, Renita, na sitaki mtu mwingine yeyote anikasirishe hivi maisha yangu yote."

"Sawa," alisema Renita, kwa sauti ya mtu anayemfukuza mwizi. "Ndiyo. Nitaolewa na wewe. Lakini usiniguse mpaka nimalize kukasirika."

"Itachukua muda gani?"

"Kaa hapo usubiri."

Cordell akapindua ndoo, akakaa, akasubiri.