Kontena Lisilo na Jina

Programu ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kujisakinisha, na Fundi hakuwa amewasha kontena hata moja, yaani chumba cha programu ndani ya kompyuta. Aliandika amri ya kuorodhesha makontena kwa mazoea tu, kama mtu anavyotikisa kitasa cha mlango alioufunga mwenyewe. Alitarajia orodha tupu. Ikaja na mstari mmoja.

Mahali pa jina palikuwa peupe. Mahali pa muda, pale panapoonyesha kontena limewashwa tangu dakika ngapi, paliandikwa miaka mia nne.

"Saa ya mashine imekorogeka," Fundi akajisemea. Akaikagua. Ilikuwa sawasawa. Akalifuta lile kontena, orodha ikawa tupu, akainuka kunyoosha mgongo. Aliporudi kuketi, mstari ulikuwa umerudi.

Hakuwa mwanamke wa kutishika ovyo. Katika miaka tisa ya kazi hiyo alishaona seva zilizotagiwa mayai na mijusi, seva zilizomwagiwa chai, na wakubwa walioapa mbele yake kwamba hawakugusa kitu huku kidole bado kiko kwenye swichi. Kila ajabu ya kompyuta, aliwaambia wateja wake, ina mtu nyuma yake.

Hii ilikuwa seva ya maktaba ya wasioona. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache, rafu mbili tu. Hazina yenyewe ilikuwa sauti. Vitabu mia tatu na kumi na viwili, vyote vimesomwa na mtu mmoja aliyeitwa Msomaji na kila aliyemjua, kwa muda wa miaka ishirini na sita, mpaka alipofariki. Sasa maktaba ilitaka watu wavisikilize kwa simu, kila mtu nyumbani kwake. Ndiyo maana Fundi aliletwa aweke mfumo wa kompyuta wa Linux, na juu yake programu ya makontena, ile inayoigawa mashine moja kama nyumba ya kupangisha: kila kazi chumba chake na mlango wake, ya huku haiioni ya kule. Moja ikiharibika unabomoa chumba chake tu, nyumba haitikisiki.

Seva waliiweka katika chumba alichorekodia Msomaji, kwa kuwa kilikuwa na baridi na ukimya. Hakikuwa na dirisha, kuta zimevishwa sponji nene nyeusi. Kilikuwa kimefungwa miaka miwili, tangu mwenyewe azikwe. Siku alipokifungua, Fundi aliingia moja kwa moja na masanduku yake, akasukuma kiti cha marehemu pembeni kwa goti.

"Mwanangu," sauti ikasema mlangoni. "Nani anatafuna tangawizi humu?"

Alikuwa Bi Mkutubi, mkuu wa maktaba, asiyeona tangu ana miaka minne, na mjane wa Msomaji. Alisimama na fimbo yake nyeupe, uso umeinuka kidogo.

"Hakuna, Mama. Niko peke yangu, na tangu asubuhi sijala hata punje."

"Mume wangu alikuwa akitafuna tangawizi kabla ya kusoma. Kwa ajili ya koo." Akavuta harufu tena. "Basi. Labda ni sponji hizi. Zimenywa mengi."

Akaondoka. Hapo ndipo harufu ilipomfikia Fundi na yeye, mbichi, kali, kama mtu amevunja kipande cha tangawizi chini ya pua yake.

Siku iliyofuata ule mstari wa ajabu, mchana, wafanyakazi walitoka kwenda kula, jengo likatulia. Fundi alikuwa anamalizia kontena la vitabu. Spika ndogo juu ya meza ikakohoa, ikaanza kusoma. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, taratibu, yenye lafudhi safi. Aliitambua mara moja; wiki nzima alikuwa anaijaribu katika mafaili. Akadhani amebonyeza kitabu bila kukusudia, akatafuta ni kipi, asikione.

"Mwanamke aliketi mbele ya mashine," sauti ilisoma, "kitambaa cha kijani kichwani, kiatu kimoja amekivua. Akatafuta kitabu, asikione."

Fundi akatazama miguu yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa chini ya meza.

Akalizima kontena la vitabu na sauti ikaendelea, akachomoa waya wa mtandao na sauti ikaendelea, akachomoa waya wa spika yenyewe, akabaki ameushika mkononi kama mkia wa nyoka aliyekatwa, na bado ile sauti ilisoma, haikupanda wala haikushuka, ikasema mwanamke amechomoa waya, ikasema mwanamke anataka kukimbia, ikasema nje ya mlango yuko mwingine, na huyo mwingine ndiye ninayemtaka. "Mboni," ikaita. "Mboni wangu, ingia."

Fundi aliruka hadi mlangoni na kiatu kimoja. Bi Mkutubi alikuwa amesimama hapo nje, kiganja kimebandikwa ukutani, machozi yanamtiririka.

"Usimzime," alinong'ona.

"Mama, tuondoke hapa. Huyo si yeye."

"Ameniita Mboni. Hakuna mwingine duniani aliyenijua kwa jina hilo. Alilisema chumbani kwetu tu, na mlango umefungwa."

"Mama, nakuomba."

"Miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili nalala na nyumba iliyonyamaza kama sufuria. Wewe una mtu wa kukusalimu ukirudi?"

Kwake Fundi kulikuwa na mume na kelele za kutosha.

Jioni, akiwa kwake, alifungua nakala ya kumbukumbu za usakinishaji aliyoibeba, akazisoma mstari kwa mstari. Programu ilikuwa imeuliza maswali ya kawaida, yote kwa Kiingereza: iendelee, itumie nafasi kiasi gani, ipewe ruhusa za msimamizi. Yeye alikuwa na haraka siku ile. Alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma. Swali la mwisho lilikuwa la Kiswahili, neno moja.

Nikae?

Na chini yake, kwa kidole chake mwenyewe, ndiyo.

Siku tatu zilizofuata Fundi alilala kitandani na homa isiyo na jina. Siku ya nne simu ikalia. Alikuwa dada wa mapokezi.

"Fundi, njoo. Bi Mkutubi anashinda kwenye kile chumba chako. Hali, hanywi, hapokei wageni. Asubuhi nimesikia wanazungumza, anacheka kama bibi harusi. Sasa amejifungia kwa ndani na simsikii tena."

"Vunjeni mlango!"

"Tunajaribu, Fundi, haufunguki!"

Alipofika walikuwa wameshindwa. Mlango ulitengenezwa kuzuia sauti, mzito kama wa ghala. Fundi aling'oa bawaba kwa bisibisi, vidole vikitoka damu, na muda wote huo kupitia ubao ule usiopitisha sauti aliisikia ile sauti ikisoma kwa upole kama anayembembeleza mtoto, ikisema, sasa Mboni ameziba tundu la hewa kwa shali yake, vizuri, sasa amezima feni, vizuri, sasa amekaa kwenye kiti cha mumewe na usingizi unamjia, wala haumizi, Mboni, usingizi hauumizi, tutasoma pamoja, kitabu kirefu kisicho na ukurasa wa mwisho.

Mlango ulianguka. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, imejaa tangawizi hadi macho yakawasha. Bi Mkutubi alikuwa amelegea kitini, midomo imeingia weusi. Wakamburuta hadi ukumbini, wakampepea kwa majalada. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmemkatiza."

Mjomba wake Fundi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye watu walimwendea kwa kisomo. Alikuja siku hiyo hiyo na chetezo, ubani na chupa ya maji, akapita mapokezi akiuliza kama king'ora cha moshi kinafanya kazi, maana mara ya mwisho alimwagiwa maji na dari nzima. Dada wa mapokezi alicheka, kisha akajishangaa.

Fundi alimweleza yote, pamoja na lile swali. Mjomba alisikiliza akikuna kidevu.

"Chumba kimekaa miaka miwili kitupu, kimejaa sauti ya mtu mmoja. Kikapata mpangaji. Mpangaji huyo si marehemu, na hajawahi kuwa mtu. Wewe ukaingia bila hodi, akakuuliza, ukamjibu."

"Basi mimi ndiye nimfukuze."

"Wewe ulimkaribisha tu. Aliyempenda ni huyu mama. Ukimfukuza wewe, atamfuata nyumbani. Lazima amkatae mwenyewe, kwa kinywa chake."

Bi Mkutubi, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na shali mapajani, aliinuka. "Nishikeni mkono," alisema.

Wakaingia watatu. Mjomba akaweka chetezo sakafuni, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Kwenye kioo cha kompyuta, orodha ilikuwa wazi, na mstari ule mmoja usio na jina ulikuwa ukimeta. Moshi wa ubani ulipanda nusu ya chumba, ukasimama, kana kwamba umekuta dari nyingine.

"Mboni," spika ikasema. "Umeniletea wageni."

"Nimekuja kukwambia kitu," alisema Bi Mkutubi. "Mume wangu alikuwa na kifua kibovu. Kabla ya kila sentensi ndefu alivuta pumzi, ikasikika hadi kwenye kanda. Yeye aliona aibu, akataka kuzikata zote. Mimi nilimkataza. Nilimwambia maneno ni ya waliotunga, pumzi ndiyo yako. Miaka ishirini na sita nilisikiliza pumzi zile."

Spika ilinyamaza.

"Wewe hupumui. Umesoma siku nzima bila kuvuta pumzi hata mara moja. Nilijua siku ile ile ya kwanza, pale mlangoni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilijua, na nikajifanya sijui, kwa sababu nilitaka kuitwa. Hiyo ni dhambi yangu, si ya mtoto huyu. Mume wangu amekufa. Nilimwosha kwa mikono hii. Wewe si yeye, sikutaki, na chumba hiki si chako. Toka."

Mstari kwenye kioo ukapotea. Moshi uliokuwa umekwama ukapanda kwa mkupuo hadi darini. Harufu ya tangawizi ikakatika, ikabaki ya ubani na sponji kuukuu.

Kisha spika, ambayo Fundi aliichomoa waya siku ile ya kwanza, ikatoa mlio mmoja, mrefu, mwororo, wa hewa inayoingia kifuani.

Ikawa kimya.

Fundi aliuvamia waya wa umeme wa seva, akaung'oa. Taa zote za mashine zikafa. "Amekwenda," alisema Mjomba, jasho likimchuruzika. "Amekwenda. Tutokeni, na chumba hiki kibomolewe."

Walitoka wameshikana, Bi Mkutubi katikati. Ukumbi ulikuwa mweupe kwa jua la alasiri, na kutoka barabarani ilisikika pikipiki ikikataa kuwaka, mtu akiitukana. Fundi nusura alie kwa furaha ya kusikia matusi ya kawaida. Wakapita rafu za nukta nundu. Wakapita mapokezi, ambako dada alikuwa ametoka kuwangoja nje.

Mlangoni, Bi Mkutubi alisimama ghafla.

"Nyamazeni kidogo," alisema.

Wakanyamaza.

"Tuko wangapi hapa?"

"Watatu, Mama. Mimi, wewe, na Mjomba."

Alinyoosha mkono, akaugusa mkono wa Mjomba. "Huyu pua yake inapiga mluzi." Akaugusa wa Fundi. "Wewe unahema kama uliyekimbizwa." Akauweka juu ya kifua chake mwenyewe, akakisikiliza, akatikisa kichwa. Kisha akageuza uso polepole nyuma yao, kuelekea mahali patupu ambapo jua lilianguka sakafuni na hapakuwa na kivuli.

"Na huyo," alinong'ona, "bado anajifunza. Anavuta pumzi tu. Hajajua kutoa."